Gari la Mikate la Mzee Kimanzi

Wengi wakisikia kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, humfikiria mtoto aliyekaa kando ya jiko akisubiri ugali uive. Maana ya methali hii ni pana kuliko hiyo. Jambo jema likiahirishwa kila mara hugeuka uchungu, na uchungu huo hukaa ndani ya yule aliyeahirisha. Katika mtaa wa Maringo, kando ya Barabara ya Jogoo jijini Nairobi, hakuna haja ya maelezo zaidi. Watu hukuonyesha tu mlango wa Mzee Kimanzi.

Kimanzi alikuwa mchonga vinyago katika karakana moja ya Majengo, na mkono wake ulisifika. Swara aliyetoka kwake ungedhani ameshtushwa na mtu sasa hivi. Kasoro yake ilikuwa moja, nayo ni kwamba hakuweza kuiachilia kazi. Wenzake walipiga msasa, wakapaka rangi ya viatu, wakauza. Yeye alipiga msasa, akatazama, akapiga tena. Walimtania kwamba wateja wake huzeeka wakisubiri.

Mkewe, Ndinda, alikuwa na kibanda cha chakula karibu na mahakama za Makadara. Wateja wake wakubwa walikuwa madereva wa malori ya Mombasa, watu wenye tabia ya ajabu. Walikula muthokoi yake, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, hadi wakalamba vidole, huku wakisifu vyakula vya watu wengine. Huyu alisifu mbuzi wa kuchoma wa Sultan Hamud. Yule alisifu chapati na dengu za hekalu la Makalasinga huko Makindu, ambako msafiri hulishwa bila malipo na bila kuulizwa dini yake. Mwingine alisifu mbaazi za nazi na mahamri ya pwani. Ndinda alisikiliza yote akikoroga sufuria. Tangu aolewe alikuwa amepikia harusi, matanga na nusu ya Barabara ya Jogoo, lakini kula mlo uliopikwa na mwingine ilikuwa bahati ya nadra. Hamu ya vyakula vile ikamkaa rohoni.

Basi Kimanzi aliponunua gari kuukuu lililokuwa likisambaza mikate, Ndinda aliona Mungu amemsikia. Mumewe alikuwa ameona watalii waliofika karakanani na gari lenye kitanda, jiko na kabati ndani yake, akaapa kutengeneza lake. Alimwahidi mkewe kwamba wangeshuka polepole hadi Mombasa, wakilala humo humo na kula kila alichokitamani, na kwamba yeye Ndinda hangeshika mwiko hata mara moja. Ndinda alicheka kama msichana. Kesho yake aliwatangazia madereva kwamba sasa ni zamu yake kuonja.

Kabiru, fundi wa magari aliyekuwa jirani yao, aliifufua injini upesi. Kitanda kikawekwa, jiko likafungwa. Ndinda alinunua leso ya safari, akafunga kibanda. Hapo ndipo Kimanzi alipotazama milango ya kabati, akaona aibu. Mchongaji gani huyo wa kusafiri na mbao tupu? Akasema atachonga mnyama kwenye kila mlango, kazi ya siku chache tu. Ndinda akafungua kibanda tena.

Siku chache zikafika Krismasi, Krismasi ikafika Pasaka. Twiga alipomalizika, shingo yake haikumridhisha, akauchonga mlango upya. Vijana wa mtaa walilibatiza gari hilo jina la Safina. "Niaje, mzee? Hii keja yako itahama lini?" walimuuliza wakipita, keja kwao ikiwa ni nyumba. Kimanzi aliwajibu kwamba haraka haraka haina baraka. Ni kweli haina, lakini wahenga hawakutuachia methali moja tu, na mtu hupenda kuchagua ile inayomkinga.

Siku moja Ndinda alimpelekea chakula garini, akamkuta amejaa vumbi la mbao hadi kwenye kope.

"Baba Nzivo," akasema, akimwita kwa jina la mtoto wao, "milango hailiwi."

Kimanzi alicheka, akapokea sahani, akaendelea kusugua.

Mwaka wa pili wa ngoja ngoja hiyo, Ndinda alianza kuteremsha kila tonge kwa maji. Alisema ni uchovu. Kisha ugali ukamshinda, kisha wali, hatimaye hata uji ukawa unapita kwa shida. Hospitalini waliona uvimbe kwenye umio, saratani iliyokuwa imekwisha kukita mizizi. Wakampenyezea mpira tumboni, na tangu siku hiyo akawa anamiminiwa uji mwepesi humo. Mwanamke aliyewashibisha wengi kiasi kile hakuweza tena kumeza chochote, na Kimanzi, akimtazama, alihisi kwamba ni yeye aliyemnyang'anya sahani.

Aliweka patasi chini. Ndinda, kwa sauti iliyokauka, alimwambia kwamba sasa wanakwenda. Kimanzi alisema ni heri wasubiri kidogo, apate nguvu kwanza.

"Umeanza tena," Ndinda akasema.

Kabiru alikagua breki. Waliondoka Jumamosi asubuhi, milango miwili ikiwa haijachongwa, na wale vijana wa mtaa walisimama kando, kofia mikononi.

Sultan Hamud, Kimanzi hakutaka kushuka. Ndinda alimlazimisha aagize nyama, ikaletwa juu ya ubao, yeye akaketi akimwangalia. Kimanzi alitafuna kipande, akasema ni tamu. Mkewe hakukubali jibu hilo. Alitaka kujua kama chumvi imekolea, kama mafuta yameshika moshi, kama nyama ya juu inavunjika mdomoni au inavutika. Mzee wa watu, ambaye miaka yote alikula bila kuinua kichwa, alihangaika kutafuta maneno. Alisema moshi upo, chumvi imezidi kidogo, na karibu na mfupa nyama ni laini. Ndinda alifumba macho, shingo yake ikajaribu kumeza, uso ukakunjamana kwa maumivu. Akamwambia aendelee.

Kwenye hekalu la Makindu walivua viatu, wakafunika vichwa, wakaketi kati ya wasafiri wengine. Mgawaji hakujua lolote. Aliweka chapati moto kwenye sahani ya Kimanzi na nyingine kwenye sahani ya Ndinda, akaenda zake. Ndinda aliishika yake kwa mikono miwili, akaileta puani, akainusa kwa muda mrefu. Mvuke ulipokwisha, aliiweka kwenye sahani ya mumewe.

"Sina hasira na ugonjwa, baba Nzivo," alisema polepole. "Ugonjwa haukunijua. Wewe ulinijua."

Kimanzi alimwomba msamaha.

"Nimekusamehe," Ndinda akasema. "Lakini nilitaka kuionja."

Alimwagiza asibakishe kitu, kwa kuwa chakula cha sadaka hakitupwi. Kimanzi alikula chapati zote mbili, machozi yakichuruzika hadi kwenye dengu, na waliokuwa karibu wakageuza nyuso kumsitiri. Waliporudi garini Ndinda hakuweza hata kuketi. Aliomba arudishwe nyumbani. Kimanzi alimsihi wafike Mombasa kesho yake, akaapa kwamba safari hii hapatakuwa na kungoja, lakini mkewe alikuwa amegeukia ukuta. Kimanzi akageuza gari.

Ndinda alifariki kabla ya mwezi kwisha, akazikwa kwao Makueni. Kimanzi alimkabidhi Kabiru gari lile amwondolee machoni. Siku hizi akiketi kula, tonge la tatu halifiki mdomoni, tumbo humkaza hadi akajikunja. Amepimwa hospitali tofauti, na kila mara huambiwa kwamba tumbo lake ni zima. Yeye hawabishii madaktari, hurudi tu nyumbani na kusukuma sahani kando. Hakika, ngoja ngoja huumiza matumbo.