Kuni za Mgeni Ajaye

Nawaona mmejifunika kanga na majaketi, na hapa ni pwani! Mwezi wa saba umetugusa kidogo tu, tayari tumejikunyata kama vifaranga. Haya, ngoja niwapeleke penye baridi yenyewe.

Alikuwepo bwana mmoja, mtu wa mjini, mtu wa kulala na feni. Bwana huyu alikuwa na mama yake mzazi, na mama alikuwa na kifua kibovu cha miaka mingi. Lakini mama alikuwa na hamu moja: aone milima kabla hajafa. Daktari aliruhusu kwa shingo upande. "Mpeleke," alisema, "ila moto usizimike. Baridi ikimwingia kifuani, tusilaumiane." Basi bwana akakodi nyumba ya mbao huko juu milimani, Ijumaa hadi Jumapili, nyumba yenye meko ya kuotea moto sebuleni. Akampakia mama, akampakia mkewe, wakapanda.

Ufunguo ulikuwa kwa jirani, mama mmoja asiye na maneno mengi. Bwana alimsalimia huku anaongea na simu. Yule mama akawafungulia, akawaonyesha: maji haya, choo kile, na pale chini ya upenu, rundo la kuni kavu, zimepangwa zikapangika.

"Hizi zimeachwa na wageni waliowatangulia," akasema. "Kwetu huku ukungu hauishi, kuni mbichi hazikauki upesi. Kwa hiyo oteni, msione haya, ila msizimalize. Na kabla ya kuondoka, magogo yapo kule nyuma na shoka lipo. Pasueni kidogo mpange hapa, zipate upepo. Kila mgeni hufanya hivyo. Kuni mlizozikuta si zenu. Zenu ni zile mtakazoziacha."

"Sawa mama, sawa sawa," akasema bwana. Mnaijua ile sawa, ya kumfanya mtu amalize aondoke.

Ijumaa ilikwenda vizuri. Moto ukawashwa, mama akanyoosha miguu, akanywa chai, akacheka peke yake kwa furaha. Jumamosi bwana akanogewa. Moto tangu asubuhi, hata walipotoka kutembea aliuacha unawaka sebuleni bila mtu. Jioni akataka mwingine nje, kwenye nyasi, moto mkubwa wa kupigia picha. Akawa anabeba kuni kwa mikono miwili.

"Baba watoto, punguza basi," mkewe akamwambia. "Tuliambiwa tubakize."

"Tumbakizie nani? Huyo mgeni ajaye simjui hata kwa sura. Mimi nimekodi nyumba, sikukodi shoka."

Mama yake alikuwa mlangoni, kajifunga blanketi. "Na hizi tunazoota, mwanangu? Aliyeziacha alikuwa anakujua wewe?"

Bwana akacheka. "Mama nawe! Ingia ndani, baridi hiyo." Akatupia nyingine motoni.

Tusimwonee, hakuwa mtu mbaya. Alimpenda mama yake, na ukimuuliza angekuapia kwamba moto wote ule ni kwa ajili yake. Picha zilipendeza. Watu wa mjini wakazisifu sana.

Jumapili asubuhi vilibaki vijiti viwili vitatu, vikachemshia chai. Chini ya upenu palibaki maganda na vumbi. Shoka halikuguswa. Bwana akamrudishia jirani ufunguo, injini inaunguruma, "Asante mama, tunawahi," wakaondoka. Yule mama akautundika ufunguo kwenye msumari.

Hawakufika mbali. Kwenye kona ya kwanza mbaya, lori la kabichi lilikuwa limelala chali katikati ya barabara, kabichi zimetapakaa hadi bondeni. Na barabara ya kule ni moja tu: huku mlima, huku korongo. Wakaambiwa gari la kulivuta litapanda kesho. Wakangoja wakitumaini, maana mtu wa mjini huamini kila foleni itaisha. Mchana ukapita. Ukungu ukashuka. Mama akaanza kukohoa, mwanzoni kikohozi cha adabu, cha kuziba mdomo na kanga, kisha kile chenyewe, na kifua kikaanza kupiga mluzi. Bwana akaulizia chumba kwenye nyumba ya wageni iliyokuwa jirani na pale. Imejaa waliokwama kama yeye. Akageuza gari.

Jioni wakabisha hodi kwa mama wa ufunguo.

"Shikamoo, mama." Safari hii simu iko mfukoni.

"Marahaba. Karibu, mgeni."

Akamsikiliza habari za lori hadi mwisho. Kisha akautoa ufunguo kwenye msumari, akamwambia maneno anayowaambia wote wanaoingia: "Nyumba ni ile ile. Kuni mtazikuta pale alipoziacha mgeni aliyewatangulia."

Jamani! Bwana akasimama pale na ufunguo mkononi. Mgeni aliyetangulia ni nani? Ni yeye. Na mgeni ajaye, yule asiyemjua hata kwa sura? Ni yeye vilevile. Hakutukanwa, hakusimangwa, lakini aibu ilimshika.

"Mama," akasema, "hazipo."

"Najua. Moto wenu wa jana niliuona kutoka hapa." Kikohozi kikasikika garini. Yule mama akageuza shingo. "Huyo ni mama yako?"

"Ndiye."

"Mlete. Atalala jikoni kwangu, moto upo. Ninyi wawili hapa hapatoshi. Nendeni kwenye nyumba mliyoiacha, kama mlivyoiacha."

Mnataka kujua kama mama mgonjwa alipona? Alipona, na shukrani si kwa mwanawe. Bwana na mkewe walilala na viatu. Alijaribu kuwasha gogo bichi, likatoa moshi tu, na kama alilia, alikuwa na moshi wa kusingizia.

Asubuhi, jikoni kwa jirani, mama yake bwana alikuwa anakunywa uji aliposikia shoka nyuma ya ile nyumba ya mbao. Ko. Kimya kirefu. Ko.

"Ni mwanangu huyo?" akauliza.

"Ndiye," akasema mama wa ufunguo. "Anapasua vibaya."

"Mwache. Atajifunza."

Sasa sisi. Mnacheka, lakini hebu niambieni: mabenchi haya mliyokalia, nani kati yetu aliyachonga? Bati lililo juu ya vichwa vyetu, nani alipanda kulipigilia? Wengi wao tumeshawazika. Hawakutujua hata kwa sura. Walitupangia kuni chini ya upenu wakaenda zao, na sisi tunaota, tunanyoosha miguu, tunapiga picha. Tukiambiwa tufundishe watoto, tunasema watoto wa siku hizi hawafundishiki. Tukiambiwa tupande mti, tunauliza kivulini mwake atakaa nani.

Na tunadhani tutaondoka tu, injini inaunguruma, tunawahi. Ndugu zangu, iko kona mbele yetu yenye lori limelala. Uzee ni kona hiyo. Ugonjwa ni kona hiyo. Tutageuzwa na kurudishwa, tunakohoa, hadi kwenye mlango wa watoto tuliowalea sisi wenyewe, mtaa tulioukalia sisi wenyewe, kanisa tulilolitunza au tulilolitelekeza sisi wenyewe. Wala hawatatutukana. Watatupa ufunguo kwa adabu zote na kutuambia: karibuni, nyumba ni ile ile.

Mama wa ufunguo alikuwa na nafasi moja jikoni, na Mungu ana nafasi nyingi kuliko yeye, hilo silikatai. Ila msiende kuota moto wa jirani wakati shoka lenu lina kutu.

Yule bwana aliamka ikiwa ni Jumatatu. Kwetu sisi, kwa rehema tu, bado ni Jumamosi. Magogo yako kule nyuma.