Msumeno Uliochaguliwa na Wasioushika

Usufi ni mwepesi. Gunia zima la usufi mtoto hulibeba kichwani huku akirukaruka. Ndiyo maana wahenga, walipotaka kumsema mtu anayemtazama mwenzake akitokwa jasho kisha akasema "mbona hicho si kitu", walinena kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Uzito wa mzigo anaujua aliyejitwika. Sisi wengine tuliosimama kando, mikono mifukoni, huona kila kitu ni chepesi, tena tuna mdomo wa kutoa ushauri. Asiyeamini na asikilize yaliyompata mwoka mikate mmoja na msumeno wake.

Mwanamke huyo alikuwa kitinda mimba wa nyumba yao, na watu waliendelea kumwita Kitinda hata alipotimiza miaka arobaini. Alikuwa na tanuri la matofali nyuma ya nyumba, unga mpaka viwikoni, na umbo dogo la msichana wa shule. Mume hakuwa naye, wala hakuwa akimlilia. Baba yao alipofariki, shamba liligawanywa. Kaka Mkubwa, dereva wa lori, alipata upande uliokwisha kulimwa. Kitinda akapata pembe ya nyuma, ekari moja na nusu ya vichaka, miiba na miti iliyojiotea yenyewe, mingi yake minene kama paja la mtu. Yeye alifurahi. Miti ile ilikuwa kuni za tanuri lake, na ardhi ikifunguka angepanda mihogo. Lakini Shangazi, aliyekuwa na kauli ya mwisho katika ukoo, aliweka sharti.

"Sitaki pori la kufugia nyoka," alisema. "Mvua ya kwanza ikinyesha na vichaka bado vimesimama, kipande kinakwenda kwa kaka yako. Yeye anaweza."

Hilo "yeye anaweza" lilimkwama Kitinda kama mwiba wa samaki. Tangu siku ile hakutulia. Aliweka mikate tanurini, akatoka nje kutazama mawingu, akarudi, akatoka tena. Mara mbili mikate iliungua. Panga lake lilikuwa limekula nusu ya siku kwa mti mmoja, na mvua ilibakiza wiki tatu, pengine pungufu.

Kaka Mkubwa, ili asionekane anakimezea mate kipande cha dada yake, alijitolea kuchangia msumeno wa mnyororo, ule wa petroli ambao watu huuita chenso. Mume wa dada yao, mwashi aliyejulikana kwa jina la Shemeji Saruji, akachangia pia. Balaa ilianzia hapo, kwa maana aliyechangia hujiona ana haki ya kuchagua. Wakaenda dukani watatu.

Muuzaji alikuwa bwana mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. "Kazi yenyewe ni ipi?" aliuliza.

"Kufyeka kipande cha shamba na kukata kuni," Kitinda alijibu. "Miti yake si mikubwa. Kama paja hivi."

Muuzaji akasogeza msumeno mdogo ambao ulimi wake, lile bapa la chuma linalozungukwa na mnyororo, ulikuwa wa inchi kumi na nne. "Huu unakutosha kabisa. Kilo nne na kidogo."

"Aa, wapi!" Kaka Mkubwa alidakia. "Hicho si cha kunyolea ndevu? Tuteremshie lile dume pale juu."

Lile dume lilikuwa na ulimi wa inchi ishirini na injini kubwa kama kichwa cha ng'ombe. Kaka Mkubwa akaliinua kwa mkono mmoja, akaliweka. "Jepesi! Hebu shika, shemeji." Shemeji Saruji naye akainua, akaweka. "Karatasi hii," alisema.

"Samahani," muuzaji alisema, "hapo tangi ni tupu, na kila mmoja ameinua mara moja tu. Ngojeni niujaze petroli na oili, halafu atakayeufanyia kazi aushike kwa muda. Nani ataushika?"

"Bwana, wanaonunua ni sisi," Kaka Mkubwa alimjibu.

Kitinda alikuwa na neno. Lilifika kwenye meno, likarudi. Aliona haya kumkosoa anayempa, akanyamaza, na baadaye alijilaumu sana kwa kunyamaza kule.

Siku ya kwanza alivuta kamba ya kuwashia mpaka bega likamwasha. Mti wa kwanza ulianguka vizuri, wa pili pia. Wa tatu mikono ilianza kumtetemeka. Ikawa kila baada ya mti anautua msumeno chini, anatazama mbinguni, anauinua tena kwa kuharakisha, na haraka ile inamchosha zaidi. Baada ya siku tano alikuwa amefungua eneo lisilozidi uwanja wa nyumba. Vidole vilimvimba, unga ukamshinda kukanda, na wateja wakaanza kuuliza kama siku hizi anauza mikate au matofali. Akampigia simu kaka yake.

"Kaka, hii chenso inanizidi nguvu."

"Utaizoea. Acha kudeka, wewe."

Alipomweleza Shemeji Saruji, yeye alicheka tu. "Kula ushibe, shemeji! Chenso haina kosa."

Siku ya sita ncha ya ulimi iligusa tawi lililojificha kwenye kichaka. Msumeno ukaruka juu kumwelekea usoni. Mikono iliyokwisha kuchoka haikuweza kuuzuia. Breki ya mnyororo ilishika, lakini ulimi ulikuwa umeshapita juu ya paji la uso na kuchana kitambaa cha kichwa. Kitinda alikaa chini palepale, akalia kwa hofu na hasira, kisha akajifuta kwa kitambaa kilekile kilichochanika.

Kesho yake Kaka Mkubwa na Shemeji Saruji walikuja kukagua. Mawingu yalikuwa yamejikusanya upande mmoja wa mbingu. Kaka Mkubwa aliingia kwenye kipande, akatembea kwa hatua za kupimia kutoka mpakani mpaka kwenye kisiki, midomo ikihesabu. Kitinda alimwona kupitia dirisha la jikoni, akajua anapima nini. Damu ikamchemka.

"Mbona pori ni lilelile?" Kaka Mkubwa aliuliza alipofika mlangoni. "Umepewa mashine ya kiume, umeshindwa. Uvivu huo."

Kitinda alikuwa ndiyo kwanza anamwagia maji unga mezani. Hakuinua uso. "Kaka, dukani ulisema ni nyepesi."

"Ni nyepesi."

"Iko hapo nyuma yako. Tangi limejaa. Usiiwashe. Ishike tu kwa mikono miwili mbele yako, kama unakata, mpaka nimalize kukanda unga huu."

"Kazi hiyo tu?" Kaka Mkubwa alicheka, akaushika. Kitinda akaanza kukanda. Alikunja donge, akalisukuma kwa kiganja, akaligeuza, akalikunja tena, wala hakuwa na papara, maana mkate hautaki papara. Kicheko cha kaka kikaisha. Mshipa ukamtoka shingoni.

"Haujalainika tu?"

"Bado. Ndiyo kwanza unaanza kushikana."

Ulimi wa msumeno ukaanza kuinama, ukainuliwa, ukainama tena. Jasho likamtiririka mpaka kidevuni. Donge lilikuwa halijafika hata nusu pale msumeno ulipotua sakafuni kwa kishindo. Kitinda akamgeukia Shemeji Saruji, aliyekuwa akijizuia kucheka. "Zamu yako, shemeji." Mara mwashi akakumbuka kuna zege linamsubiri mahali.

"Mimi naishika hivyo kutwa," Kitinda alisema, "tena ikiwa imewashwa, inatikisika, inataka kunitoka." Akavua kitambaa, akakikunjua wakaona mahali palipochanika. "Jana ilinirukia hapa."

Kaka Mkubwa alikitazama kitambaa, akalitazama paji la uso la dada yake. Aliona aibu, aibu ya kweli.

Asubuhi iliyofuata walirudi dukani. "Msumeno huu umeshalamba vumbi, siupokei tena," muuzaji alisema, na hakuna aliyemlaumu. Kaka Mkubwa akanunua ule mdogo, na lile dume akalitupia nyuma ya lori lake. Safari hii muuzaji alijaza tangi, akampa Kitinda, akarudi kwenye hesabu zake. Alipoinua kichwa, Kitinda alikuwa bado ameushika, anatabasamu.

Siku zilizofuata, miti iliangukiana. Kitinda bado alitazama mawingu, lakini alitazama huku anakata. Kaka Mkubwa aliliacha lori, akawa anaburuta matawi. Siku ya tano, saa nne asubuhi, tone la kwanza likamdondokea Kitinda mkononi. Lilikuwa zito. Mvua ikashuka yote kwa pamoja, na kwenye kona ya mpaka kikawa kimebaki kichaka kimoja.

Shangazi alifika na mwavuli, viatu mkononi. Akakitazama kile kichaka. Kitinda alisimama kwenye matope, msumeno mdogo mkononi.

"Naona bado kimesimama," Shangazi alisema. "Kaka mtu, unasemaje?"

Neno moja tu, na ekari moja na nusu ingekuwa yake. Kaka Mkubwa alipangusa maji usoni. "Shangazi, kichaka hicho nimekichelewesha mimi. Nilimchagulia mwenzangu mzigo, nikamwambia ni mwepesi kwa kuwa sikuubeba. Siku zake sita nimezila mimi."

"Kumbe. Basi kipande ni cha Kitinda. Na kichaka hicho, kwa kuwa ni chako, utakimaliza wewe. Liko wapi lile dume lako jepesi?"

Mvua ilipokatika, Kaka Mkubwa alilishusha lorini, tangi limejaa, akaanza kazi. Kila baada ya mti alilitua chini akipumua kwa mdomo, huku Kitinda amekaa juu ya rundo la kuni zake, akimega mkate wa moto.

"Vipi, kaka, ni jepesi?" alimuuliza.

Kaka Mkubwa alitikisa kichwa. Hakusema tena kwamba ni jepesi, maana sasa alikuwa amekwisha kujua kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.