Bega Lisilobanwa

Hapo zamani, zamani ya juzi tu hii, majambazi wenye bunduki waliiteka zahanati moja ya mpakani, na muuguzi Sekela akawa miongoni mwa mateka. Serikali ikatuma makomando. Watatu wakanyatia kwenye korido yenye giza, kila mmoja mkono wake begani mwa aliyemtangulia. Amri yao ilikuwa moja: wa nyuma akiona mambo tayari, hubana bega, wa kati naye hubana bega, ndipo wa mbele avunje mlango. Bega halijabanwa, mlango hauguswi.

Wa mbele alikuwa Ndimbo, wa kati Mwasaka, wa nyuma Lubuva.

Lubuva akaona waya ukutani, unaelekea kwenye bomu lililobandikwa hapo chini. Akapiga goti aukate. Hakubana bega. Mle ndani jambazi akamwekea Sekela bunduki kisogoni, na Sekela, roho mkononi, akapiga ukelele. Ndimbo hakungoja. Akavunja mlango, akamlaza jambazi kwa risasi. Mwasaka akamfuata, akamlalia Sekela, risasi zikamla mguu yeye. Jambazi mwingine akaliwasha bomu. Lubuva alikuwa hajamaliza kukata. Akaling'oa, akalikumbatia, akakimbia nalo uani, likamlipukia huko.

Mateka wote wakatoka wazima.

Basi wakubwa wakaandaa sherehe, wakaleta nishani. Risasi zilipatikana tele. Nishani ikapatikana moja. Wakamtwisha Sekela mzigo: "Wewe ndiye uliyeokolewa. Mvike anayestahili."

Akaja Ndimbo. "Dada Sekela, nilivunja amri kwa sababu ya ukelele wako. Ukinivika, mimi shujaa. Usiponivika, kesho nasimama mbele ya mahakama ya kijeshi."

Akaja Mwasaka na magongo yake. "Dada, mimi sikutoa amri wala sikuivunja. Nilikukinga tu. Sasa hata suruali navalishwa na mke wangu."

Akaja mjane wa Lubuva, amekumbatia picha ya marehemu. "Mume wangu angengojwa kidogo tu, angekata ule waya, angerudi nyumbani kwa miguu yake. Mtaani wanasema hakubana bega kwa woga. Usipoivika picha hii, dada yangu, wanangu watakua wakiitwa watoto wa mwoga."

Sekela akaitazama nishani. Aliichukia, akawachukia na waliompa. Mdomo wake ndio uliovunja mlango ule. Angeuma meno akanyamaza, huenda Lubuva angekuwa hai. Au huenda yeye ndiye angekuwa kwenye picha.

Bendi ya jeshi ikanyamaza. Mkubwa mmoja akatupia jicho saa yake. "Fanya haraka, mama. Mgeni rasmi ana safari."

Sekela akainua mkono.

Haya, msinitazame mimi. Ninyi mnaonisikiliza, ukelele ule ungekuwa wenu, nishani mngemvika nani?