Bi Nungunungu Apanda Vumbini

Paukwa!

Pakawa!

Itikieni vizuri, hata mimi nimechoka. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale wanyama walikuwa wakilima. Bi Nungunungu alikuwa na watoto watatu na shamba moja. Mwaka uliopita alingoja mvua ilainishe ardhi, ndipo akapanda. Mahindi yakatoka manjano, yakazaa magunzi matupu. Sasa kilibaki kibaba kimoja tu cha mbegu. Kikiharibika, watoto watalala njaa mwaka mzima.

Akamwendea Nyungunyungu, mkazi wa udongoni. Akamkuta chini kabisa, amejikunja, anakimbia joto.

"Hodi, ndugu yangu. Shamba langu limekosa nini?"

"Halijakosa kitu, dada. Ulichelewa. Humu wamo vijidudu, wapishi wasioonekana. Jua likikausha ardhi, wengi hufa, waliobaki hulala. Mvua ya kwanza ikigusa vumbi, huamka na njaa. Hula wenzao waliokufa na majani makavu, wakapika naitrojeni, chakula cha mimea. Naitrojeni hiyo hujaa udongoni siku chache tu. Mvua ikizidi, maji huizoa, nyingine hupotelea hewani."

"Sasa nipande lini?"

"Leo."

"Leo? Na ardhi ngumu hivi?"

"Leo, dada. Mvua ya kwanza izikute mbegu zimo ardhini."

Bi Nungunungu alitamani kulia. Mgongo ulimuuma, mikono ilimuuma. Akashika jembe. Kwa! Kwa! Akapumzika. Kwa! Kwa! Akapumzika.

Ngiri, jirani yake, akapita akicheka. "Jirani, unapanda au unazika? Si ungoje ardhi ilainike!"

"Nimechoka, Ngiri. Usinichoshe zaidi." Kwa! Kwa!

Zikapita siku tisa kavu. Kila asubuhi alitazama juu, roho mkononi. Siku ya kumi, ndo! ndo! ndo! Mbegu zikachipua, zikakuta chakula kiko tayari. Ngiri alipanda wiki mbili baadaye, shamba limejaa maji. Mahindi yake yakatoka manjano.

Wakati wa mavuno Ngiri akaja na kikapu kitupu, kichwa chini. Bi Nungunungu akamjazia.

"Mwakani uje kabla ya mvua," akamwambia. "Na jembe lako."

Akaingia ndani, akajilaza. Akalala mchana kutwa, na hakuna mtoto hata mmoja aliyemwamsha kuomba chakula.

Basi wanangu, na ninyi wakubwa mnaosinzia: kazi ngumu ifanyeni kwa wakati wake, hata mkiwa mmechoka. Wakati ukishapita, nguvu hazisaidii.

Hadithi yangu imekomea hapo. Nipisheni nami nikajinyooshe.