Betri za Mzee Shemweta

"Amwitaye fundi wa rimoti hakukosa betri." Mmemsikia mama yenu mdogo akiisema kwenye simu asubuhi, nanyi mkaguna. Mmoja akaniuliza: kama betri anazo, fundi wa nini? Leo mmeuliza swali la maana, si kawaida yenu. Kaeni niwaeleze ilikotoka, maana haikutoka kwa wahenga wa kale. Ilitoka hapa hapa Korogwe, kwa Mwantumu, mtoto wa dada yangu, anayetengeneza televisheni pale karibu na stendi. Mwenyewe ndiye aliyenisimulia.

Palikuwa na mzee akiitwa Shemweta, aliyekuwa mpishi wa shule ya bweni mpaka alipostaafu. Mkewe alifariki, watoto wakawa mbali. Hizza alikuwa Oman, na dada yake Eliwaza aliolewa Mwanza. Nyumba ikabaki na mtu mmoja anayepika sufuria kubwa, kwa sababu mikono yake haikujua kupika kidogo. Jioni alipakua, akala vijiko viwili vitatu, kilichobaki akawamwagia kuku. Upweke ulikuwa unamla mzee yule, hilo nalisema wazi.

Hizza akamtumia kisanduku cheusi cha kuunganisha na televisheni. Ndani yake mna programu inayopanga filamu, kwaya na picha za familia, kila kitu mahali pake. "Baba, ukiwa na hiki hutaona upweke," alimwambia. Lakini rimoti yake ilikuja haijui kitu. Kila kitufe ilibidi kifundishwe kazi: hiki kipeleke juu, hiki kirudishe nyuma, hiki kifungue kwaya. Kazi hiyo akapewa Mwantumu.

Mwantumu alishinda naye siku nzima. Kwa kuwa macho ya mzee yalikuwa yamepungua nguvu, vitufe vikubwa vya katikati alivipa kwaya na picha za marehemu mkewe. Akamwonyesha pia pale ndani ya programu vitufe vinapobadilishiwa kazi, mzee akawa anaitikia tu kama asiyeelewa. Kisha ikaja chai, na magimbi, na maharage ya nazi. Kwa Mzee Shemweta fundi hakuondoka na njaa, na kula haraka ilikuwa ni kumtukana mwenye nyumba. Walizungumza mpaka jua likapoa.

Haikupita wiki, simu ikaita. "Mwanangu, rimoti imegoma." Mwantumu akaenda. Akakuta kitufe cha juu kinapeleka chini, na cha kwaya kinazima sauti. Akatengeneza, akala, akaondoka. Wiki iliyofuata vitufe vilikuwa vimehama tena, na iliyofuata vilevile. Mwantumu akaumiza kichwa asione sababu. Televisheni za watu zilijaa dukani, wenyewe wanafoka, naye kila mara yuko kwa Mzee Shemweta anakula magimbi.

Basi siku hiyo akaja na ufundi wake wote. Akaufunga mpangilio wa vitufe kwa namba ya siri, kisha akaunganisha kile kisanduku na simu yake kwa intaneti, ili aweze kukirekebisha akiwa dukani.

"Baba, adha imekwisha," alimwambia. "Kuanzia leo hata kikigoma sina haja ya kuja. Nabonyeza huko huko, huku kinakaa sawa."

Mzee alikuwa ameshika chupa ya chai mkononi. Akaiweka mezani polepole. "Umefanya vizuri, mwanangu," akasema.

Kweli vitufe havikuhama tena. Lakini haukupita muda, mzee akapiga simu: rimoti imekufa kabisa, haiwashi chochote. Mwantumu akatazama kwenye simu yake, kisanduku kizima. Akasema moyoni, hizi ni betri, akampa kijana wa bodaboda betri mpya azipeleke. Mzee akapokea, akashukuru. Siku chache baadaye rimoti imekufa tena, na bodaboda ikaenda tena. Alipopiga mara nyingine Mwantumu alipandwa na hasira, akafunga duka na kwenda mwenyewe kummalizia maneno.

Akakuta meza imeandaliwa, sahani mbili. Kando ya televisheni zimepangwa betri alizotuma, pakiti hazijafunguliwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa."

"Sikai. Hizi betri mbona hujaziweka?"

"Za nini? Zilizomo zinafanya kazi." Akachukua rimoti, akabonyeza, kwaya ikaimba.

"Sasa umeniitia nini?"

Mzee akazima. "Ningekupigia nikasema, Mwantumu, njoo tule, ungekuja?"

Mwantumu alitaka kusema ndiyo. Lakini mzee alikuwa anamtazama, akashindwa kumdanganya mtu mzima. "Ningesema kesho," akajibu.

"Na hiyo kesho?"

Mwantumu akageuka kuziangalia zile betri.

"Sikulaumu. Hata wanangu wako hivyo hivyo. Ukisema umekwama, watu wanakuja. Ukisema uko peke yako, wana kazi. Nami mwili mzima, paa halivuji. Sina pa kukwama ila kwenye rimoti."

"Kumbe vitufe ulikuwa unavihamisha wewe?"

"Si ulinionyesha mwenyewe, siku ya kwanza?"

Mwantumu akacheka, halafu machozi yakamtoka. Akakaa, akala mpaka sahani ikawa tupu. Kabla ya kuondoka akaiondoa ile namba ya siri ya kisanduku. "Nimekufungulia, baba. Kiharibu utakavyo."

Naye alikiharibu vizuri sana, na kila alipoita Mwantumu alikwenda, mpaka Mungu alipomchukua.

Msibani, Eliwaza alimwona Mwantumu amekaa na kina mama, akamfuata na ile rimoti mkononi.

"Dada, wewe ndiye fundi? Hebu niambie, hii ilikuwa na ubovu gani? Kila Jumapili baba alikuwa ananipigia, mara imegoma, mara haisikii. Mimi namwambia, baba, mwite fundi. Hizza naye anamwambia mwite fundi. Sasa nimeijaribu, mbona nzima? Ilikuwa inakosa betri?"

Mwantumu alitamani kunyamaza. Lakini aliulizwa, na mbele ya watu.

"Hapana, dada," akasema. "Amwitaye fundi wa rimoti hakukosa betri."

 Eliwaza alikaa chini pale pale kwenye mkeka, rimoti mapajani, na kina mama wakamwacha alie. Waliokuwapo waliyabeba maneno yale makwao, na mpaka leo mtu akiitwa kwa jambo dogo lisilo na kichwa wala miguu, akaanza kutoa udhuru, wenzake humwambia hivyo hivyo: nenda, amwitaye fundi wa rimoti hakukosa betri.