Mtoto wa Senzia Aitwe Nani?

Haya, kaeni. Mwenye simu aigeuze kifudifudi, na asiyetaka kusikiliza kuna vyombo jikoni, aende akavioshe. Mwisho nitawauliza swali, na sitaki mtu aniambie hajui.

Katika mji mmoja wa chini ya milima palikuwa na hospitali, na katika hospitali hiyo palikuwa na wanawake watatu waliolinda kompyuta. Sikusema waliopiga chapa. Nimesema waliolinda.

Wa kwanza aliitwa Namkunda, na kipawa chake kilikuwa kupanga. Ungempa gunia la maharage ya kila rangi, chai yako haijapoa ameshayatenga. Wa pili aliitwa Zamoyoni, na kipawa chake kilikuwa jicho. Huyo alijua nani kapita koridoni kwa jinsi mlango ulivyofungwa tu. Wa tatu alikuwa mkubwa wao, Eletruda, na kipawa chake kilikuwa kukata shauri. Watu wengine ukiwauliza jambo zito huenda kwanza kunywa maji. Eletruda alijibu hapo hapo, na akikosea, alikosea kwa sauti.

Sasa hiyo kompyuta yenyewe. Palikuwa na chumba chenye baridi kama ya usiku wa mlimani, na ndani yake mashine moja kubwa. Ndani ya mashine hiyo mlikuwa na kompyuta nyingine nyingi zisizoshikika kwa mkono: ya duka la dawa, ya mishahara, ya wodi ya wazazi, ya benki ya damu iliyokuwa chini ya maabara. Msiniulize ziliingiaje. Ichukulieni kama nyumba ya kupangisha: paa moja, korido moja, vyumba vingi, kila chumba na mambo yake. Hao wanawake watatu ndio waliokuwa wenye nyumba, na wao ndio waliotoa funguo. Ufunguo wa huko huitwa akaunti, nao ni jina lako na neno lako la siri.

Namkunda alipoanza kazi alikuta balaa. Kila mtu alikuwa na ufunguo wa kila chumba. Muuguzi aliweza kuchungulia mishahara, na mhasibu aliweza kuzima duka la dawa kwa kiwiko. Namkunda akakusanya funguo zote. Akaunda makundi: wauguzi kundi lao, wahasibu lao, watu wa maabara lao. Ruhusa hakumpa mtu, alilipa kundi. Ukihama wodi unahama kundi, na ruhusa ya kule unaiacha kule kule. Tena akatenganisha mambo: kuingia chumbani ni ruhusa moja, kuzima na kuwasha taa ni nyingine, kubomoa chumba ni nyingine kabisa.

Watu walimchukia, mbona. Walimwita Bi Choyo. Na aliyechukia kuliko wote alikuwa mzee Kajiru, mkuu wa maabara, ambaye ni ndugu wa tumbo moja na mama yake Namkunda. Mjomba mtu, aliyemlea tangu hajaota meno.

"Namkunda," akasema, "nasikia umenipa ufunguo nusu."

"Nimekupa wa kuingia, mjomba, na wa kuzima na kuwasha."

"Na wa kubomoa?"

"Una haja gani ya kubomoa?"

"Sina haja. Nautaka tu, niwe nao. Mimi ni mkubwa pale."

"Mjomba, nguo nitakufulia, chakula nitakupikia. Huo sikupi."

Kajiru hakula kwa Namkunda mwaka mzima. Alipita mlangoni akikohoa, haingii. Namkunda hakumbadilishia kitu.

Kisha Kajiru akafa, kifo cha kawaida cha mzee. Na mji ule una desturi yake: mtu akifa, mpaka arobaini yake ipite, kiti chake hakikaliwi, baiskeli yake haipandwi, na jina lake haliondolewi mahali lilipokuwa. Namkunda alitaka kuifunga akaunti ya mjomba wake kabla hata matanga hayajaanuliwa. Eletruda akakataa. Mjane wa Kajiru, Mama Mbazi, alikuwa amemshika mikono yote miwili akamwomba jina la mumewe lisifutwe mpaka watu wamalize arobaini, na Eletruda alikuwa ameahidi mbele ya waombolezaji wote.

"Marehemu hazimi taa," akasema Eletruda.

"Marehemu hazimi," akajibu Namkunda. "Ila ufunguo wake haujafa."

Lakini mkubwa alikuwa Eletruda, basi jina likabaki. Na neno la siri la Kajiru lilikuwa jina la mke wake. Mzee wa watu, angeweka nini kingine? Maabara nzima walilijua.

Siku moja kabla ya arobaini, asubuhi ya soko, akaletwa wodi ya wazazi binti anaitwa Senzia, mimba ya kwanza, damu inamtoka na mtoto hajazaliwa. Na damu yake ni ya ile aina adimu. Wakafungua jokofu, wakakuta chupa moja tu, wakaitundika. Daktari akasema chupa moja haifiki popote, atafutwe mtu wa damu hii sasa hivi. Na aliyejua nani mjini ana damu hiyo na anapatikana wapi ni ile kompyuta ya benki ya damu.

Wakaifungua. Imezimwa.

Wakaiwasha. Ikazimwa tena mbele ya macho yao.

Hapo ndipo Zamoyoni anapoingia. Yeye siku hiyo alikuwa zamu, amekaa mbele ya kioo kinachoonyesha nani yuko ndani ya nyumba ile kubwa na anafanya nini. Akaona jina la Kajiru limeingia. Mtu mwingine angelipita, kwa sababu vijana wa maabara wakisahau neno lao la siri walijipenyeza kwa jina la mzee, na kila mtu alijua na kila mtu alijifanya hajui. Lakini Zamoyoni akaona Kajiru huyu hana mwendo wa maabara. Anagonga mlango wa mishahara, anakataliwa. Anagonga duka la dawa, anakataliwa. Anarudi benki ya damu, anajaribu kuibomoa, anaambiwa huna ruhusa, anaizima kwa hasira. Zamoyoni akapiga simu wodini, ambako vijana wa maabara walikuwa wameitwa.

"Nani kaingia kwa jina la mzee?"

"Hakuna, dada! Sote tuko huku, tumevaa glavu."

"Basi ni mwizi," akasema Zamoyoni, wala hakupandisha sauti.

Ruhusa yake ilikuwa ya kumtoa mtu nje, siyo ya kumfungia mlango. Akamtoa. Mwizi akarudi. Akamtoa. Akarudi. Mmeona mtu anavyofukuza mbuzi kwenye mahindi? Ndivyo hivyo, ila huyu mbuzi alikuwa mji wa mbali, hakuna anayemjua, na ana ufunguo halali. Kila akirudi anazima benki ya damu kwanza, na kila akitolewa maabara wanaiwasha. Kompyuta ile haiamki kwa kupigwa kofi, huchukua muda kufumbua macho. Ikikaribia kufumbua inazimwa. Zamoyoni alimtoa na kumtoa mpaka vidole vikakakamaa, na wakati huo huo simu ameibana begani anamwita Eletruda, kwa sababu mwenye ruhusa ya kufuta akaunti alikuwa Eletruda peke yake.

Eletruda alikuwa wapi? Alikuwa jikoni kwa mjane, anamenya ndizi za arobaini pamoja na wanawake wa ukoo.

"Dada Truda, mfute Kajiru."

"Unasema?"

"Kuna mtu amevaa jina lake. Anazima benki ya damu. Kuna mzazi hapa anakwisha."

Eletruda akashusha kisu. Akafuta mikono kwenye khanga, akaingia kwenye ile mashine kupitia simu yake. Mama Mbazi alikuwa amekaa mkabala naye, na ile simu ilisikika jiko zima.

"Eletruda," akasema mjane, "imebaki siku moja."

"Najua, dada."

"Uliniahidi mbele ya watu."

"Nilikuahidi." Naye anabonyeza.

"Yaani mume wangu unamuua mara ya pili, ndani ya jiko langu?"

Eletruda akabonyeza mara ya mwisho. Alimfuta Kajiru. Kisha, kwa kuwa hakujua mwizi ameokota funguo ngapi nyingine za maabara, alilifunga kundi zima la maabara, akaunda kundi jipya, akamtia ndani mtu mmoja tu, muuguzi wa wodi ya wazazi aliyesimama karibu na Senzia. Kanuni ya hospitali ilisema kundi jipya halizaliwi bila idhini ya mganga mkuu. Mganga mkuu hakuulizwa. Kwa lile tu Eletruda angeweza kufukuzwa kazi akaenda kupanda mchicha. Aliponyanyua macho, wanawake walikuwa wameshausogeza mkeka wakamwacha peke yake na maganda ya ndizi.

Mwizi akarudi, akakuta ukuta. Kompyuta ikawashwa, ikaamka, ikatoa jina: Mrindoko, muuza nyama pale sokoni. Akaja mbio na aproni yake ya damu ya ng'ombe, wagonjwa wakakimbia. Akalazwa, akatolewa damu, Senzia akatiwa. Mtoto akazaliwa wa kike, analia kama ana madai. Mama mtu yuko hai mpaka leo, mkorofi vile vile.

Sasa. Katika ukoo wa mumewe Senzia, mtoto aliyezaliwa kwa taabu hupewa jina la aliyemwokoa. Na jina ni moja. Mwenye jina huwa mama wa pili: yeye humbeba siku ya kutolewa nje, yeye huulizwa mtoto akitaka kuolewa, na akifa, mtoto ndiye humzika.

Mama mkwe wa Senzia, Bibi Ndelwa, akawaita wote watatu.

"Mimi siku hiyo nilikuwa nasukwa nywele," akasema Namkunda. "Hata habari sikuwa nayo."

"Afadhali umesema mwenyewe," akasema Zamoyoni. "Mimi vidole mpaka leo haviwezi kusonga ugali."

"Ungemfukuza mwaka mzima, mwenzangu. Kama mjomba angekuwa na ufunguo aliotaka, ungekuta chumba hakipo, ungekuwa unalinda hewa."

"Na nisingeona, ungesukwa nywele za msiba."

Bibi Ndelwa akamgeukia Eletruda. "Na wewe?"

"Mimi ndiye niliyeuacha ule ufunguo hai," akasema. "Mimi pia ndiye niliyeuua. Pimeni wenyewe."

Basi wodi ikagawanyika. Wauguzi wakasema Zamoyoni, kwani walimsikia kwenye simu akihema. Daktari akasema Namkunda, kwani kilichobomolewa hakiwashwi. Senzia mwenyewe alimtaka Eletruda. Alisema wale wawili walifanya kazi yao, na walifanya vizuri kuliko watu wote anaowajua, lakini huyu alitoa kitu ambacho hakirudi: Mama Mbazi hajamsalimia tangu siku ile.

Na msiniletee habari za muuza nyama. Mtoto ni wa kike, na Mrindoko mwenyewe alikataa, alisema anatosha yeye mmoja.

Siku ya kutolewa nje ikafika. Uwanja umejaa. Wale watatu wamesimama mstari mmoja, wamependeza, kila mmoja ametazama pembeni kama hahusiki. Na nani kaja? Mama Mbazi, na kaniki yake, amekaa karibu na mlango. Kila mtu alijua likitajwa moja kati ya yale majina matatu, lile la Eletruda, atanyanyuka aondoke, na ukoo wake wote nyuma yake.

Senzia akatoka na mtoto. Bibi Ndelwa akauliza kama inavyoulizwa: "Huyu ni nani?"

Senzia akamtazama mtoto. Akawatazama wale watatu. Akafungua kinywa.

Mimi naishia hapo. Haya, wewe uliyekuwa unasinzia, anza wewe: ungekuwa ndiye Senzia, mbele ya uwanja ule, ungemkabidhi nani mtoto?