Mke wa Mchinjaji Aliyeacha Nyama

Waliotutangulia wametupokeza, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi wa yaliyokuwa, kwamba katika mji mdogo kando ya mto Furati alikuwako mchinjaji mcha Mungu aliyeitwa Zuheri bin Tamimu, na mkewe Lubaba, mwanamke wa haya na swala nyingi, na watu wa mji ule walikuwa hawali nyama ila iliyopita mikononi mwa nyumba hiyo.

Nasema nyumba, sisemi mtu, kwa sababu kazi ile ilikuwa ya wawili. Zuheri alikuwa na adabu zake alizozirithi kwa babake: kisu hakinolewi mbele ya mnyama, mnyama hachinjwi mbele ya mwenzake, na kondoo jike anayenyonyesha hachinjwi kabisa, anarudishwa kwa mwanawe. Si kwamba ni haramu, alikuwa akisema, lakini iko halali ambayo moyo unaionea haya. Na kwa kuwa mikono yake ilikuwa imekufa ganzi kwa kazi, kumpima kondoo jike alimwachia mkewe. Lubaba alikuwa akichuchumaa, anakishika kiwele, anaminya chuchu taratibu, yakitoka maziwa anasema, "Ana mtoto," yasipotoka anasema, "Mkavu." Neno moja tu. Zuheri hakuwahi kupima nyuma yake.

Palikuwa na desturi nyingine katika mji ule. Kila palipokuwa na walima, karamu ya harusi, kabla wageni hawajapakuliwa, ini la mnyama wa kwanza lilichomwa, na mwanamke wa nyumba ya mchinjaji alikula kipande mbele ya wanawake wenzake, ili ijulikane kwamba waliochinja wanakila walichokichinja. Akishakula yeye, sinia zinatoka. Asipokula, hazitoki. Lakini haikuwahi kutokea asile.

Sasa Lubaba alikuwa amezika watoto wawili. Wa kwanza aliishi siku tano, wa pili aliishi siku sita, yaani hakuna aliyefika siku ya saba akanyolewa nywele, akapewa jina, akafanyiwa akika, akachinjiwa kondoo, kama watoto wa watu. Alipojaaliwa wa tatu, binti, hakuwa akipata usingizi. Anamwinamia mtoto, anasikiliza pumzi, akiisikia anashukuru, na kabla shukrani haijaisha anainama tena. Mama aliyewahi kufanya hivyo anaijua khofu ile, haina akili, haitaki kuambiwa kitu. Moyoni mwake ikaingia kwamba siku ya saba ndiyo mlango, mtoto akiupita ameokoka, na kwamba mlango wenyewe haufunguki ila kwa damu ya akika.

Siku ya saba ikafika na mtoto yu hai. Zuheri akaenda kwenye zizi la mchungaji Shaddadi, lililokuwa nyuma tu ya ukuta wa nyumba yao, na Shaddadi mwenyewe alikuwa malishoni, akachagua kondoo jike mmoja aliyemwona amenona, akamwachia mwenyewe salamu na thamani yake, akamleta uani.

"Mpime, Mama Nusayba," alisema, kwani jina la mtoto walikwisha kulichagua. "Akiwa na mtoto tutangoja siku ya kumi na nne. Dini ina nafasi."

Lubaba akachuchumaa. Akaminya, na maziwa yakamrukia kiganjani, ya moto, mengi. Akafumba kiganja. Siku ya kumi na nne. Alihesabu siku saba nyingine za kuinamia kifua cha mtoto, akaona hatazimaliza, akapangusa mkono kwenye shuka yake na kusema, "Mkavu."

Zuheri akamwelekeza kondoo kibla, akalitaja jina la Mwenyezi Mungu, akachinja. Mkono wake ulikuwa mwepesi, na nafsi yake haikuwa na shaka.

Nyama ilikuwa jikoni inatokota, mifupa haijavunjwa kama ilivyo sunna ya akika, na jirani wanasoma dua, ndipo mwanakondoo alipoanza kulia nyuma ya ukuta. Alilia sauti nyembamba, anakatiza, anaanza tena. Nusayba alikuwa amelala fofofo, hakuhitaji kitu. Na Lubaba, aliyekaa na mtoto mapajani, akahisi matiti yakimkaza, maziwa yakashuka yenyewe, yakamlowesha nguo mpaka kwenye mshipi. Mwili wake ulikuwa umemwitikia mtoto asiye wake, mtoto ambaye mamake yumo chunguni.

Akaletewa bakuli. Akalisogeza pembeni.

Mwanakondoo alilia siku mbili. Siku ya tatu hakusikika. Baadaye Shaddadi alipopita kumpa Zuheri mkono wa pongezi alisema kondoo wengine walimkataa, kila akienda kunyonya wanampiga teke, na kwamba amekufa. Alisema kama watu wanavyosema habari ya mvua. Lubaba alikuwa nyuma ya mlango, akasikia, na hakutoka.

Tangu siku ile hakutia nyama kinywani. Alikula mkate, dengu, tende, mboga za bustani ya mtoni na mafuta ya zeituni, na maziwa alikunywa baada ya kuuliza kama ndama ameshiba. Nyama aliipika, kwa mume na kwa mama mkwe, na Nusayba alipoota meno alimpikia pia na kumchambulia kidogo kidogo, hakumnyima. Zuheri alimuuliza mara moja. Akajibu, "Tumbo." Hakumuuliza tena. Katika walima za watu, ini lilikuwa likiliwa na mama mkwe, Bi Safura, aliyekuwa mkubwa wa nyumba, na kwa hiyo miaka miwili ikapita na hakuna aliyejua. Lubaba alitubu kwa Mola wake kila alipoinuka kuswali, lakini kuna toba inayopitia kwa watu, na hiyo alikuwa akiiahirisha.

Kisha katika mwezi wa Rajabu Bi Safura akafariki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Na katika Shaabani, Kadhi Iyadhi, kadhi wa mji, akamwoza binti yake.

Asubuhi ya walima Zuheri alimkuta mkewe anasuka nywele za mtoto. Alikuwa mtu wa maneno machache na hata haya yalimshinda kidogo.

"Binti ami," alimwita, kama waume wa mji ule walivyowaita wake zao, "leo ini ni lako."

"Najua."

"Kipande kama ukucha. Tafuna, umeze, unywe maji. Tumbo likikataa utakuwa umeshafika nyumbani."

Lubaba akaendelea kusuka. Zuheri akaongeza, "Usipokula, hawatasema tumbo. Watasema Zuheri anawalisha kitu ambacho mkewe anakikimbia. Kazi hii ni kuaminiwa tu, hakuna kingine. Ikiondoka, kisu changu ni chuma na mimi ni mtu wa kubeba mizigo."

"Najua, Baba Nusayba," alisema tena, na msuko ukamfumuka mikononi.

Wakaenda. Wanaume walikaa upande huu wa ua wa kadhi, wanawake upande ule, katikati pazia la sufu. Lubaba aliwapima kondoo saba, sita akasema wakavu, mmoja akasema ana mtoto akarudishwa, na Zuheri akachinja sita. Ini likachomwa. Likaletwa kwenye sahani ya shaba, likawekwa mbele ya Lubaba, na wanawake wakangoja.

Akalitazama. Angeweza kulila, jamani, ndiyo maana kisa hiki kinasimuliwa. Lilikuwa halali, dogo, tayari limepoa. Lakini desturi ile ilikuwa ushahidi, na anayekula pale anasema kwa kinywa chake kwamba mkono wake haujawahi kusema uongo juu ya kondoo, naye alijua umesema. Akilila, anaufunika uongo wa kwanza kwa wa pili. Asipolila, mumewe ameharibikiwa mbele ya mji mzima, na hana kosa.

"Limekuwa moto?" aliuliza Khaula, mke wa mfinyanzi, mwanamke mwenye ulimi, aliyekuwa amekaa karibu na pazia. "Tukupulizie?"

Wengine wakacheka kidogo.

"Sili nyama, Bi Khaula."

"Huli nyama. Mke wa mchinjaji." Khaula akawageukia wenzake. "Haya, mimi ni mke wa mfinyanzi. Mkiniona nakunywa maji kwa kiganja, nani kati yenu atanunua chungu kwetu?"

Safari hii hawakucheka. Mmoja akaurudisha mkate aliokwisha kuumega. Minong'ono ikapita chini ya pazia, ikafika kwa wanaume, na sinia zilizokuwa zimeinuliwa zikawekwa chini. Kadhi Iyadhi akasogea mpaka kwenye pazia, akasema kwa upole ambao ulisikika ua wote:

"Binti yangu, nasikia umejizuia na nyama. Je, umeiharamisha? Maana hatuna ruhusa ya kukiharamisha alichokihalalisha Mola wetu."

"Sikuiharamisha, sheikh. Nyama ni halali. Mimi ndiye sijahalalika nayo."

"Fafanua, watu wasije wakadhani vibaya."

Hapo ndipo alipompakata Nusayba, akamkaza kifuani kama mtu anayevuka maji, na akasema yote, haraka haraka, bila kupumzika, kwa maana alijua akipumzika hatamaliza. Akasema juu ya wale wawili wa siku tano na siku sita. Akasema juu ya kiganja chake na maziwa ya moto, na neno alilolisema, na mwanakondoo nyuma ya ukuta, na nguo yake iliyolowa. "Mume wangu hakujua. Alisema tungoje siku ya kumi na nne, mimi ndiye sikuweza kungoja. Mkitafuta wa kumlaumu msiende mbali, niko hapa nyuma ya pazia. Na tangu siku ile nikiweka nyama kinywani nasikia analia. Basi. Ndiyo sababu, sina nyingine."

Nusayba alicheza na mshipi wa mamake.

Wa kwanza kusema alikuwa Shaddadi mchungaji, upande wa wanaume, mzee ambaye kwa kawaida hasemi mbele ya watu wakubwa. "Kumbe ndivyo," alisema. "Miaka miwili hii najiambia mimi ndiye niliyekosea. Kwamba nilimwacha mwenye mtoto pamoja na wasio na watoto, tena labda ametoka kunyonywa maziwa yote, Zuheri angejuaje. Ndiyo maana nikaanza kuwapaka hina shingoni wanaonyonyesha. Mlikuwa mnanicheka, mnaniuliza kondoo wangu wanaolewa na nani."

"Nisamehe, baba," alisema Lubaba.

"Nimekusamehe. Ila ungeniambia siku ile ile ningemnywesha kwa kitambaa kilicholoweshwa maziwa. Wanakubali."

Hilo lilimuuma kuliko lolote aliloambiwa siku ile, kwa sababu lilikuwa kweli.

Kadhi akasema nyama ya akika ile ilikuwa halali kwa walioila, na nyama ya leo ni halali, na mtu akiacha chakula bila kukiharamisha hana dhambi. Uongo ndio uliokuwa dhambi, na mlango wa toba u wazi. Lakini aliyasema hayo na watu bado hawajanyoosha mikono, kwani fatwa ilikuwa juu ya nyama na shaka yao haikuwa juu ya nyama. Ilikuwa juu ya mkono uliopima. Wote wakamtazama Zuheri.

Zuheri alikuwa amekaa ameinamisha kichwa. Kisha akasimama, akaenda mpaka kwenye pazia, akasema bila kulifunua:

"Mama Nusayba."

"Labeka."

"Leo umepima saba. Ukasema sita wakavu."

"Sita wakavu, na mmoja ana mtoto."

"Ni kweli?"

"Wallahi ni kweli."

"Nipe hiyo sahani."

Akaipitisha chini ya pazia. Zuheri akakata kipande cha ini, akataja jina la Mwenyezi Mungu, akala akiwa amesimama, mbele ya mji wote. Akampa Shaddadi cha pili, naye akala. Kisha kadhi. Na upande wa wanawake Khaula aliuchukua ule mkate uliorudishwa, akaumega tena, akasema, "Haya leteni sinia, watoto wana njaa," na sinia zikatoka.

Wanasema tangu siku ile ini halikuchomwa tena katika mji ule kwa ajili ya ushahidi. Mtu akileta kondoo wa walima, watu waliuliza tu, "Lubaba amesemaje?" Wakiambiwa, "Amesema mkavu," walikunja mikono ya kanzu wakala. Mji mzima ulikula nyama kwa neno la mwanamke ambaye hakuila mpaka alipokutana na Mola wake, akiwa mzee, na Nusayba akiwa na wajukuu.

Ndugu zangu katika imani, hatukuambiwa tusiwaogopee watoto wetu, na nani angeweza. Tunawainamia, tunasikiliza, tunainama tena. Tulichoambiwa ni kwamba khofu ile ile aliyetuumba sisi ameitia pia nyuma ya ukuta wa jirani, na katika zizi, kwa viumbe wasioweza kusema. Ewe Mola, utuhifadhie wanetu, na utupe ulimi wa kusema "ana mtoto" hata siku ambayo tunaogopa.